Mkalimani wa Kisima Namba Nane

Dada yangu Coralie Napangardi aliacha ukalimani mwaka ule kijana mmoja wa upande wa magharibi alipofungwa miaka minne. Coralie alikuwa amekaa pembeni yake pale mahakamani Alice Springs, mji wetu wa karibu, akigeuza maneno ya kijana kwa Kiingereza na ya hakimu kwa lugha yetu, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Kijana alikiri mwenyewe kwamba alikuwa na kisu. Lakini sauti iliyosikika mle ndani ikisema "nilikuwa na kisu" ilikuwa ya Coralie. Wiki mbili baadaye mama zake kijana walikuja hadi kwetu, wakasimama nje ya uzio, mmoja akasema, "Mdomo wako ndio uliomfunga." Hawakumgusa. Walivunja vioo vya gari lake, taratibu, kimoja baada ya kingine, na sisi tumekaa ndani tunasikiliza.

Tangu hapo akawa mpishi wa shule. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, mwembamba, mtu wa sauti ya chini. Cheti chake cha ukalimani alikitia ndani ya bahasha akakiweka chini ya godoro. Akiwakuta mama wale dukani, ambako mimi nakaa kwenye mashine ya malipo, aliacha mkate na maziwa yake kwenye kaunta akatoka kwa mlango wa stoo. Nami nilimpelekea vitu nyumbani jioni, jambo lenyewe hatukulizungumzia.

Nyumbani kwake ni namba kumi na nne, na pale bomba lilikuwa linang'ata. Ndivyo tulivyosema sote hapa kijijini Kisima Namba Nane. Ukilishika, hasa sakafu ikiwa na maji, kitu kilipanda mkononi kama sisimizi mpaka kwenye kiwiko. Siku nyingine kilipanda mpaka begani. Kila nyumba iliweka ndala za mpira mlangoni pa bafu, na watoto walijua kufungulia maji kwa kitambaa kikavu kabla hawajajua kuhesabu. Mjukuu wa Coralie, Shanelle, aliyekuwa akilala kwake, alikuwa haogi mpaka bibi yake asimame naye mlangoni.

Coralie alipiga simu mara nne kwa mkandarasi aliyepewa na serikali kazi ya kukarabati nyumba zetu. Mara tatu alipewa namba ya kumbukumbu. Mara ya nne alikuja mtu, akabandika karatasi ya kijani kwenye kisanduku cha mita ya umeme, akaondoka. Karatasi ilisema nyumba imekaguliwa na iko salama. Bomba liliendelea kung'ata chini ya karatasi ile.

Kisha, mwezi wa Aprili, bomba la nyumba namba tisa lilimkamata Ambrose Jungarrayi. Ambrose ni mume wa Lynette, binti pekee wa Coralie. Alikuwa ananawa baada ya kazi, ngumi ikajifunga kwenye bomba na haikufunguka. Hakuweza hata kupiga kelele. Lynette alimkuta anatetemeka, meno yameumana, akampiga mkono kwa mpini wa ufagio mpaka ukaachia. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Coralie alipopata habari alikaa chini pale pale jikoni shuleni, na maji ya viazi yakachemka mpaka yakakauka.

Mwezi wa Julai tukasikia kwamba kamati ya Bunge inatoka Canberra kuja kuuliza jinsi fedha za nyumba za watu wetu zilivyotumika. Ingekuja Alhamisi kwa ndege ndogo na kuondoka saa nane mchana. Jumatatu simu ya Coralie ililia. Simu zetu hushika karibu na ukuta wa duka tu, kwa hiyo alisimama pale dirishani kwangu, sauti ya simu ikiwa juu, na nilisikia yote.

"Mimi ni Philippa, karani wa kamati," ilisema sauti ya mama mmoja. "Mkalimani tuliyempata amelazwa. Jina lako bado limo kwenye orodha ya wakalimani."

"Siku hizi napika," Coralie alijibu.

"Ni siku moja tu. Tuna shahidi mmoja anayetaka kuzungumza kwa lugha yenu, na bila mwenye cheti maneno yake hayataingia kwenye kumbukumbu za Bunge."

"Shahidi gani?"

Karani alisoma jina. Lilikuwa la Ambrose. Coralie aliitoa simu sikioni akaitazama kama imemuunguza, kisha akairudisha.

"Huyo ni mkwe wangu."

"Vizuri sana, basi mnafahamiana."

"Hatujawahi kusemezana. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Oh. Pole. Mligombana?"

"Hapana," alisema dada. "Namheshimu."

Yule mama hakujua aulize nini, na Coralie hakujua aanzie wapi. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na njia ikiwakutanisha mmoja huikata akapita porini. Mimi pia, kwa kuwa ni mdogo wake, Ambrose ni mkwe wangu. Akija dukani humtuma mtu ndani, yeye husubiri kwenye kivuli cha tangi. Hapo hakuna chuki. Ni adabu kubwa kuliko zote tulizonazo, na mtu akiivunja aibu yake haimwachi.

Coralie alisema atafikiri, akakata simu.

"Usiende," nilimwambia.

"Sijasema nitaenda."

"Umesema utafikiri. Nakujua."

Kesho yake asubuhi gari jeupe la Garth Penrose lilisimama mbele ya namba kumi na nne. Penrose ndiye aliyekuwa meneja wa mkandarasi kwa eneo letu, mtu mrefu mwenye nywele za kahawia na tabasamu la haraka. Hakuzima injini. Mimi na dada tulikuwa uani tukiota moto wa pipa, maana Julai asubuhi majani yanakuwa na barafu.

"Coralie. Nasikia wamekuomba."

Dada aliongeza kuni kwenye pipa. Alikuwa anatazama moto.

"Kazi ngumu hiyo. Watu wanaweza kukuelewa vibaya, kama ile ya mahakamani." Alipangusa vumbi kwenye kioo cha pembeni kwa kidole. "Mimi nakutakia mema. Unajua mwakani kuna nyumba mpya sita, na jina lako liko pazuri kwenye orodha. Na Leon anafanya kazi vizuri kwangu pale yadi, sina lalamiko naye."

Leon ni kaka yetu.

"Unataka niseme nini?" Coralie aliuliza hatimaye.

"Mimi? Sitaki useme chochote. Ndiyo maana nasema wewe ni mtu mwenye busara."

Aliondoka polepole ili asitutimulie vumbi. Coralie alingoja mpaka mlio wa gari ulipokwisha, akamwaga maji kwenye moto ingawa tulikuwa bado tunauota.

Aliyembadilisha ni Lynette. Alikuja mchana ule ule, akakaa chini karibu na mama yake akichora mistari kwenye mchanga kwa kijiti.

"Mama, anasema akikosa mkalimani atazungumza hivyo hivyo kwa Kiingereza chake."

"Kiingereza gani? Cha kuchunga ng'ombe na kupanda farasi?"

"Hicho hicho. Watamcheka."

"Hawatamcheka. Watatingisha vichwa kwa upole, na hawataandika kitu." Coralie alivuta blanketi mabegani. "Wewe ungemsaidia."

"Mimi Kiingereza changu ni cha hapa dukani kwa mama mdogo. Mbele ya wale nitakuwa bubu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hashiki kijiko vizuri, mama. Anakula amegeukia ukutani ili watoto wasimwone."

Coralie hakumtazama. Jambo la mkwe halisemwi mbele ya mama mkwe namna ile, na Lynette alilijua hilo. Baada ya muda dada aliinuka akaingia ndani, nikasikia godoro linaburutwa.

Walikubaliana hivi. Kikao kingekuwa katika maktaba ya shule. Ambrose angekaa nje kwenye baraza, mgongo kwenye ukuta, chini ya dirisha. Lynette angekaa kizingitini. Coralie angekaa ndani akiikabili kamati, na asigeuke. Swali lingetoka kwa kamati likapita kwa Coralie hadi kwa Lynette, na Lynette angemfikishia mumewe. Jibu lingerudi kwa njia ile ile. Karani alisita aliposikia, lakini mwenyekiti wa kamati, seneta mmoja mama wa makamo aitwaye Rosalind Thackeray, alijibu kwamba kama ni saa mbili za ziada, ziwe mbili.

Alhamisi Coralie hakula. Alivaa sketi yake ya mahakamani na koti langu. Tulipokaribia shule alisimama, akanishika mkono.

"Beryl, nikikwama usinitazame. Nikikuona unaniogopea nitakimbia."

Nikakaa mbali, safu ya mwisho upande wa rafu za vitabu, nimelipa dirisha mgongo. Penrose alipita barazani mbele ya Ambrose na koti lake la buluu, akakaa safu ya mbele yangu, mikono kifuani.

Alianza ofisa wa wizara. Alisema dola milioni kumi na moja na nusu zimetumika Kisima Namba Nane na vijiji viwili jirani, na kwamba nyumba thelathini na moja zimekarabatiwa, kukaguliwa na kuthibitishwa. Alisema kwa utaratibu, ukurasa hadi ukurasa. Maseneta waliandika. Nilimwona mzee mmoja kati yao, mnene, kutoka Tasmania, akitazama dari kama mtu anayesikiliza mvua.

Ikafika zamu ya Ambrose. Sauti yake ilipita dirishani nyuma yangu na ngozi ya shingo ikanisisimka. Sikuwahi kuisikia karibu vile. Lynette aliyarudia maneno yake, na Coralie akayageuza.

Mkalimani husema "mimi". Hasemi "anasema kwamba". Ndivyo walivyomfundisha na ndivyo alivyoapa asubuhi ile, mkono juu. Kwa hiyo dada yangu alifumbua mdomo akasema kwa Kiingereza, "Mimi nilishika bomba, na mkono wangu ukafunga." Alikuwa amelitia neno la mkwe wake mdomoni mwake mwenyewe. Nilimwona shingo ikiwa ngumu, jasho likitoka katika baridi ile. Wazee wa kike waliokaa sakafuni waliinamisha vichwa wote pamoja.

"Ulitoa taarifa?" Seneta Thackeray aliuliza.

Swali likaenda nje, jibu likarudi. Lynette alilisema kwa haraka, macho chini. Coralie alilisikia na hakufungua mdomo.

Sote tunaojua lugha tulikuwa tumelisikia. Ofisa wa wizara alipanga karatasi zake. Penrose aliinamia mbele kidogo, viwiko magotini, akamtazama dada yangu tu. Nilihesabu pumzi zangu. Niliwaza vioo vya gari, nikamwaza Leon yadi. Niliona mguu wa Coralie ukicheza chini ya meza, nikajua anapima umbali wa mlango.

"Mkalimani anahitaji dakika?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana," alisema Coralie. "Jibu ni hili. 'Nilimwambia yule bwana aliyekaa pale nyuma, mwenye koti la buluu. Nilimwambia mara mbili kabla ya ajali na mara moja baada yake. Aliniambia nivae viatu.'"

Vichwa vyote vikageuka. Penrose alitabasamu lile tabasamu lake, lakini halikukaa.

Nilidhani imekwisha. Lakini Ambrose alikuwa hajamaliza. Alisema tena, polepole, na nilimsikia Lynette akivuta pumzi kabla ya kuyarudia. Coralie aliyapokea, akafumba macho.

"'Nyumba yangu sasa wameikatia umeme,'" alisema. "'Inayonitisha zaidi ni nyumba ya mama mkwe wangu. Mimi siingii pale, sipaswi. Lakini binti yangu analala pale, na kila jioni nakaa upande wa pili wa barabara mpaka nisikie amemaliza kuoga.'"

Hilo hatukulijua. Coralie hakulijua. Mwaka mzima alikuwa akisimama mlangoni mwa bafu na mtoto, na ng'ambo ya barabara, gizani, kulikuwa na mwingine anayeogopa naye.

"Nyumba ipi hiyo?" aliuliza mwenyekiti.

"'Namba kumi na nne.'"

"Na mama mkwe wako yuko hapa leo? Tungependa kumsikia."

Coralie aligeuza swali lile kwa lugha yetu, lote, bila kuongeza wala kupunguza. Lynette akalipeleka. Kisha Ambrose akasema maneno machache.

"'Yupo,'" alisema dada yangu, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka, sauti haikubadilika. "'Siwezi kumtazama.'"

Seneta Thackeray alimtazama, akatazama mlango, kisha dirisha, akamtazama tena. Aliweka kalamu chini. Yule mzee wa Tasmania ndiye aliyesema. Kumbe kabla ya siasa alikuwa fundi umeme miaka ishirini na mbili.

"Kuna mtu ana testa ya kupimia umeme?"

Ofisa wa wizara alisema jambo hilo halimo kwenye ratiba na ndege inangoja. Mwenyekiti alimjibu kwamba ndege ni yao. Mtunza shule akaleta testa, tukatoka wote, maseneta saba na viatu vyao vya mjini, wazee wa kike, mbwa. Ambrose alikuwa ameshaondoka barazani. Ni hatua mia tatu tu mpaka namba kumi na nne, nami nilimshika dada kiunoni njia nzima. "Nimeivunja nyumba yangu mwenyewe," aliniambia sikioni. "Watanitoa, Beryl. Watanitoa na mtoto."

Yule mzee alivaa ndala za mlangoni, zikamwacha visigino nje. Aligusisha testa kwenye bomba. Taa yake ndogo iliwaka nyekundu. Akajaribu bomba la jikoni, ikawaka. Akajaribu fremu ya mlango wa chuma ambao Shanelle huning'inia akicheza, ikawaka pia. Alirudi nyuma hatua moja, na uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

"Hakuna waya wa ardhini humu, wa kuondoa umeme unaovuja," alisema. "Nani aliithibitisha nyumba hii?"

Nadhani Penrose alitaka kutuliza mambo tu. Alisema, "Seneta, tusiishangae nyumba moja. Nyumba zote hapa ndivyo zilivyo."

"Zote?" aliuliza mwenyekiti.

Hakujibu. Lakini waliporudi maktaba alitakiwa aketi mezani, akaulizwa tena, na safari hii kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi. Ndege iliondoka saa kumi na nusu.

Yaliyofuata hayakuwa sherehe. Siku tatu baadaye walikuja mafundi kutoka Alice wakazikatia umeme nyumba kumi na tisa, namba kumi na nne ikiwemo. Tulikaa hivyo mpaka katikati ya Septemba, baridi ikituuma, watu wanalala watano watano kwenye godoro moja karibu na moto, nyama inaharibika. Wapo waliosema wazi dukani kwangu kwamba afadhali bomba ling'ate kuliko kukaa gizani. Coralie aliyasikia. Alianza kufunga mlango kwa kiti.

Leon aliambiwa asirudi yadi. Alikuja kwa Coralie siku ile ile, akakaa kando ya pipa la moto, kofia usoni. Dada alisimama mbali naye akisubiri. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anasubiri lile neno la mama wale, kwamba mdomo wake ndio uliomponza. Leon alikaa robo saa nzima.

"Chai ipo?" aliuliza mwishowe.

"Ipo."

"Tia sukari. Nami nilikuwa nabandika zile karatasi za kijani, dada. Mimi mwenyewe. Waliniambia nibandike tu."

Coralie alimtilia vijiko vinne.

Penrose alihamishwa. Hakufukuzwa, alihamishwa, na mpaka leo hatujui wapi, na hilo ndilo linalomtisha dada, kwamba mahali fulani kuna watu wengine anaowaambia wavae viatu. Ripoti ya kamati ilitoka Novemba, kitabu kinene. Maneno ya Ambrose yamo kurasa tatu. Jina la Coralie halimo, imeandikwa "kupitia mkalimani". Nyumba zetu zilitiwa waya upya. Zile mpya sita zilijengwa, na Coralie hakupata.

Februari wakampigia simu hospitali ya Alice, wakamwomba arudi kwenye ukalimani. Alikubali. Nilimuuliza kama hofu imemtoka.

"Haijatoka," alisema. Alikuwa anapasi sketi. "Kila nikikaa kwenye kile kiti nahisi kuna mtu nyuma yangu."

"Sasa kwa nini unarudi?"

"Kuna mama kutoka kwa kina nani wale, wa bonde la kusini. Figo. Wanataka kumkata kesho kutwa na hajui wanamkata nini."

Alikunja sketi akaitia begini. Nilimpeleka kituo cha basi alfajiri, akaniomba nikae naye garini mwangu mpaka basi liondoke, na alinishika mkono wa koti mpaka dereva alipoita majina.